Kumi na Tatu ya Mzee Idrissa

Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, ile mvua ya Kindu isiyo na radi wala haraka, na Inspekta Emerance alimkuta Bibiche amesimama kwenye kona pekee ya kasho ya kituo cha polisi ambako paa halikuvuja. Mtoto wake mchanga alikuwa amelala mgongoni. Nje, kwenye njia ya kwenda kivukoni, watu wa Alunguli, upande huu wa mto, walikuwa wamejipanga kungoja apelekwe, wamejifunika mifuko ya plastiki. Hawakupiga kelele. Mtu anayepiga kelele huchoka mapema, na hawa hawakuonekana kuwa na mpango wa kuchoka.

"Saa sita mutumbwi ya parke inakuvusha," Emerance alimwambia. "Ukifika ngambo ile, kwenye gereza kubwa, mimi sina tena nguvu juu ya ile kesi. Niambie tena."

"Nilikwisha kusema, Mama Inspekta. Mashini ilisema nane na nusu. Niliandika nane na nusu."

"Hukubadilisha damu?"

"Ningebadilisha juu ya nini? Matata?" Bibiche alicheka kicheko kisicho na furaha. "Matata niliachana naye siku mingi. Aende na dhahabu yake kule migodi ya Kama. Mimi niko na bwana."

Matata alikuwa mchimba dhahabu, na mkewe Nathalie alikuwa amekufa juzi kwenye meza ya upasuaji ya hospitali ndogo ya Mapendano, alipokuwa akitolewa mtoto kwa kisu. Katika hospitali ile kulikuwa na sheria moja: mama ambaye nambari ya damu yake iko chini ya saba hapasuliwi kabla ya kuongezewa damu. Bibiche, mpima damu wa labo, alikuwa ameandika nane na nusu. Nathalie akapasuliwa bila kuongezewa hata tone, na hakuamka. Dokta Rémy, kabla hata hajanawa mikono, alisema kwamba mtu wa nane na nusu hafi kwa kumwagika damu kidogo vile. Neno lile likatoka chumbani likitembea kwa miguu yake, na kufikia jioni mji mzima ulikuwa umekumbuka kwamba zamani Matata alikuwa karibu kumposa Bibiche. Lisemwalo lipo, watu wakasema, wakaacha kutafuta.

Emerance hakuacha. Jana alikuwa amesimama mwenyewe labo wakati damu ya Nathalie iliyobaki kwenye friji inapimwa upya. Nane na nusu. Basi Bibiche hakudanganya kwa kalamu. Lakini procureur, mwendesha mashtaka wa parke kule ng'ambo, hakuwa mjinga: kama chupa inasema nane na nusu, alijibu kwenye simu, basi ile damu si ya marehemu, na aliyeandika jina juu ya chupa ndiye mwuaji. Kundi la damu halikusaidia kitu. Lilikuwa lile lile la nusu ya mji.

"Ulipomutoboa Nathalie, nani alikuwa pale?" alimwuliza Bibiche.

"Mama Marie-Louise, mukunga."

Emerance alifunga koti lake. Alikuwa ametoka Lubutu kikazi wiki iliyopita akiwa na malaria, na miguu yake bado haikumtii vizuri. Alipita katikati ya wale watu wa mifuko ya plastiki na hakuna aliyempisha kwa hiari.

Marie-Louise alikuwa akikunja mashuka materinite, wodi ya wazazi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, na hakuzunguka na maneno.

"Mukono ya Nathalie nilishika mimi. Bibiche alitoboa mbele yangu. Ile chupa haikutoka kwa macho yangu mpaka labo."

"Ungesema vile mbele ya procureur?"

"Nilisema. Akaniuliza kama mimi si mama mudogo wa Bibiche."

"Uko mama yake mudogo?"

"Niko."

Emerance alitikisa kichwa. Ushahidi wa mama mdogo usingevuka mto.

"Kuko kitu kingine," mkunga alisema. "Viganja ya Nathalie vilikuwa vyeupe. Ndani ya macho pia. Nilimwambia Dokta Rémy. Na yeye aliona, si kama hakuona. Akatazama karatasi, akasema: mama, macho yetu inaweza kudanganyika, mashini hapana." Kisha alikwenda kwenye kitanda kilicho karibu na mlango, ambako mwanamke mwenye tumbo kubwa alikuwa amelala, na kuinua mkono wake taratibu. "Huyu ni Françoise. Anapasuliwa leo mchana. Karatasi yake inasema tisa. Angalia."

Kiganja cha Françoise kilikuwa cheupe kama muhogo uliomenywa.

Emerance alitazama kile kiganja, akatazama mvua, akauliza labo ni mlango upi, ingawa aliujua.

Mkuu wa labo, Henri, alikuwa mtu safi kupita kiasi, wa kunyoosha hata kola ya koti la kazi. Kesi hii ilimwumiza. Yeye ndiye aliyemfundisha Bibiche kazi, na alitaka kwa moyo wote kumsaidia, lakini alijua kusaidia kwa njia moja tu, nayo ni kuitetea mashine. Ilikuwa sanduku dogo jeupe lililounganishwa na betri za jua.

"Keti, chef. Nitakuonyesha kama hii kitu haisemi uongo."

Alimtoboa Emerance kidole, akaweka tone. Kumi na tatu nukta nne. Akachukua tone jingine: kumi na tatu nukta tatu. La tatu: kumi na tatu nukta nne.

"Unaona? Damu yako ni ya muchezaji wa mupira," alisema Henri. "Na mashini haitetemeki."

Njia ya mwongo ni fupi, Emerance aliyajua hayo kwa miaka ya kuhoji watu. Mwulize mwongo swali moja mara tatu, mara ya tatu atakupa jibu jipya. Hapa jibu lilikuwa limesimama pale pale. Kwa kawaida angefunga daftari na kuondoka. Badala yake alifungua mkoba, akatoa kikaratasi chenye vidonge vyekundu, akakiweka mezani.

Henri alivitambua. "Dawa ya kuongeza damu. Nani alikupa?"

"Hospitali ya Lubutu, wiki iliyopita. Walinipima. Walisema tisa na kidogo, na wakaniambia nisitembee sana."

"Dawa imesaidia basi."

"Wiki moja, Henri?"

Henri alinyoosha kola. "Hapana. Wiki moja haiwezi."

"Kipimo chenu kinaweza kupotea kiasi gani?"

"Kila kipimo kinapotea, chef. Hakuna ambacho hakipotei. Yetu ni nusu juu, nusu chini. Ukiniambia kumi, mimi ninasikia: kati ya tisa na nusu na kumi na nusu."

"Na ya Lubutu?"

"Ni vile vile."

"Mupe Lubutu nusu yao, na ninyi mubaki na nusu yenu. Munakutana wapi?"

Henri alitazama mashine yake. "Hatukutani," alisema mwisho. "Mumoja kati yetu amepotea kabisa. Itakuwa Lubutu."

"Ama ninyi. Mashahidi wawili wakipishana, mimi ninatafuta wa tatu. Wale waliotengeneza mashini hawakutuma kitu cha kuijaribu?"

"Walituma." Henri alifungua kabati na kuonyesha nafasi tupu. "Chupa ya damu ya kujaribia. Juu yake waliandika kumi na mbili. Unaiweka, mashini inapaswa kusema kumi na mbili. Tuliitupa. Ilikuwa imeharibika."

"Mulijua namna gani?"

"Ilitoa karibu kumi na saba. Ile katoni ilikaa kiwanja cha ndege cha Goma, bila friji. Chef, unajua hapa kwetu. Kila kitu kinafika kimekwisha kuharibika."

Hakuwa anadanganya. Simenti ilifika Kindu imeganda, unga ulifika unatembea, dawa zilifika zimepitwa na tarehe. Mtu wa Kindu akiona kitu kibaya kimetoka mbali, hajiulizi mara mbili, analaumu safari. Ndivyo walivyozoea, na mazoea yana tabu.

"Damu ikioza," Emerance aliuliza polepole, "inaongezeka? Mimi nyama ikioza nyumbani, sijaona ikiongeza kilo."

Henri alikaa kwenye kiti.

Emerance alichukua kalamu na kuandika kwenye mgongo wa mkono wake, maana karatasi zake zilikuwa zimelowa. Kumi na mbili ilikuwa imegeuka karibu kumi na saba. Tisa na kidogo ilikuwa imegeuka kumi na tatu na kidogo. Kwa kila kumi, mashine ilikuwa ikipachika nne za bure.

"Ile chupa haikuharibika," alisema. "Ilikuwa inasema kweli na mukaitupa. Mashini haitetemeki, hapo umesema vizuri. Lakini mutu anaweza kukosea njia bila kutetemeka. Toa ile ya bure kwenye damu ya Nathalie, unabaki na ngapi?"

Henri alipiga hesabu kwa midomo. "Sita," alisema.

Emerance aliigeukia mashine.

"Nani aliifundisha kuongeza?"

"Hatukuifundisha. Tuliisahihisha." Alisema neno lile kama mtu anayejitetea mbele ya padri. "Ilipofika ilikuwa inasoma chini kwa kila mutu. Sheria ya kazi inasema, mbele ya kutumia kipimo kipya unakilinganisha na kipimo unachoamini. Tulilinganisha, mugonjwa kwa mugonjwa. Mashini ilikuwa chini siku zote, tena chini sawasawa. Bibiche naye aliona. Basi tukaweka sahihisho ndani."

"Na kipimo munachoamini njo kipi?"

Henri alinyoosha kidole dirishani.

Pale kwenye ubao, mahali panapopata jua la asubuhi, palikuwa na bomba dogo la kioo lililozibwa kwa moto, lenye maji ya rangi ya chai hafifu. Hakukuwa na mtu Alunguli asiyelijua. Ilikuwa rangi ya Mzee Idrissa, mpima damu wa zamani wa hospitali, na umeme ulipokatika bado ilitumika kupimia damu.

Mzee Idrissa aliishi nyuma ya labo. Emerance na Henri walipobisha, alikuja mlangoni pake akiwa na sweta juu ya kanzu, akasimama akishika fremu, akavuta pumzi kabla ya kuitikia salamu. Miguu yake ilikuwa imevimba. Uzee, kila mtu alisema. Wakati wa vita, mji ulipofungwa pande zote, yeye peke yake alibaki kupima damu kwa waasi, kwa wanamgambo wa Mayi-Mayi na kwa akina mama, bila kuuliza mtu anatoka upande gani. Kwa hiyo Emerance alivua viatu na, Mzee alipoketi, akakaa chini mbele ya kiti chake, na alimweleza yote kwa adabu.

Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Kioo cha kweli kilivunjwa na askari, kwa kitako cha bunduki," alisema. "Kile kioo njo kilikuwa rangi ya kulinganisha. Bila rangi huwezi kujua. Unatia damu ndani ya asidi, inakuwa kahawia, unaongeza mayi tone kwa tone mpaka ifanane na kioo, kisha unasoma nambari kwenye bomba. Sasa kioo hakuna, ndege haikuje, watu wanakufa. Nilichemsha maganda ya ule muti wanawake wanapakaa mikeka. Nikatengeneza rangi yangu."

"Ulijua namna gani kama ni rangi sawa?"

"Kwa damu yangu." Alisema kwa fahari isiyofichika. "Kumi na tatu. Kwa kioo cha kweli nilikuwa najipima siku zote, kumi na tatu. Nikatafuta rangi mpaka inanipa kumi na tatu. Na usifikiri niliiacha hivi hivi, binti yangu. Kila mwaka, Idi ikiisha, ninajitoboa na kuijaribu. Kila mwaka kumi na tatu. Kama rangi ingekuwa imekufa, mimi ningekuwa wa kwanza kuona."

Henri alimtazama Emerance. Kesi ilikuwa imegonga ukuta. Rangi ilikuwa na shahidi, shahidi mwenyewe alikuwa mwaminifu, na alikuwa ametoa ushahidi ule ule kila mwaka tangu vita. Emerance alitazama saa. Mtumbwi wa parke ulikuwa karibu kufika.

Mzee alijaribu kuinuka kuwapa kiti cha pili, akakaa tena, akihema.

"Baba," Emerance alisema, "ile rangi ulitengeneza bomba moja tu?"

Kwa mara ya kwanza Mzee alitabasamu. "Wakati ya vita nani alikuwa anafanya kitu kimoja?"

Ilikuwa kweli, na Emerance, aliyekuwa msichana wakati ule, alikumbuka. Kila nyumba ilikuwa na vitu viwili viwili: kimoja cha kuporwa, kimoja cha kufukiwa. Sufuria mbili, redio mbili, hata vitambulisho viwili.

"Iko wapi?"

"Chini ya kitanda. Sikuhitaji kuitoa. Ya dirishani haikuvunjika."

Henri alichimba kwa sururu, na koti lake safi likaharibika bila yeye kujali. Chini ya udongo kulikuwa na kopo la maziwa, ndani ya kopo kitambaa, ndani ya kitambaa bomba la kioo lililozibwa kwa moto. Walirudi labo, Mzee akiwa katikati, wakisimama njiani ili apumue. Henri akaweka mabomba mawili bega kwa bega dirishani.

La dirishani lilikuwa chai hafifu. Lililofukiwa lilikuwa kahawa.

"Jua," Henri alisema. "Miaka yote hii, jua."

"Lakini nilijipima," alisema Mzee Idrissa.

"Basi jipime tena, baba," alisema Emerance.

Alifanya mwenyewe. Hakukubali kushikwa mkono. Alijitoboa, akavuta damu mpaka alama, akaitia kwenye asidi, na wote watatu wakangoja igeuke kahawia. Kisha akaanza kuongeza maji, tone kwa tone, akitikisa, akiinua bomba kwenye mwanga. Rangi ilififia kidogo, ikafifia tena. Mkono wake ukasimama. Damu yake ilikuwa imefanana na bomba lililofukiwa.

"Ngapi?" aliuliza Emerance.

Mzee alilisogeza bomba kwa Henri. Henri aliinama na kusoma. "Nane."

"Endelea, baba."

Akaendelea. Matone mengi. Maji yalipanda kwenye bomba, damu ikazidi kuwa hafifu, hadi ikafika kwenye chai ya dirishani na kufanana nayo kabisa. Safari hii alisoma mwenyewe.

"Kumi na tatu."

Henri alikuwa amekwisha kuigeukia mashine. Alibonyeza vitufe, akatoa lile sahihisho walilotia, akaweka tone jipya la damu ya Mzee. Nane nukta moja. Hakuna aliyehitaji kueleza, ila Henri alieleza, maana alishindwa kunyamaza: rangi ikififia, unahitaji maji mengi zaidi kuifikia, na kadiri maji yanavyozidi ndivyo nambari inavyopanda; na tangu mashine isahihishwe, rangi ilikuwa imezidi kufifia.

"Lakini kila mwaka," Mzee alisema.

"Kila mwaka rangi ilipungua, na wewe ulipungua pamoja nayo," alisema Emerance. Alimwonea huruma, na hakuificha. "Kama ungekuwa muzima, ungeona."

Alitoka barazani kupiga simu kituoni. Aliongea maneno machache: Bibiche asipandishwe mtumbwi, damu haikubadilishwa, kosa ni la kipimo nao wana ushahidi mezani. Kutoka upande wa pili alisikia mlango wa kasho ukifunguliwa na mtoto mchanga akianza kulia. Henri alimpita mbio akielekea materinite na mashine yake mikononi, bila mwavuli, na kabla Emerance hajamaliza kuzungumza alirudi akiwa amelowa. Françoise alikuwa sita na nusu. Friji ilikuwa na mfuko mmoja tu wa damu, na Marie-Louise alikuwa ameshautoa. Wanawake wengine wawili waliolala kule nao walikuwa chini ya saba, na kwa hao hakukuwa na kitu.

Mzee Idrissa alikuwa bado dirishani. Alikuwa ameligeuza bomba la chai hafifu, limetazama ukuta.

"Parke watataka jina," alisema.

"Watataka, baba."

"Bibiche haikuwa yeye. Henri alifanya kama sheria inasema. Andika yangu."

"Baba, ngoja kwanza."

"Ngoja nini?" Alivuta pumzi, akashika ubao wa dirisha kwa kiganja cheupe. "Andika yangu, binti, na ufanye upesi. Nambari ya damu yangu umesikia."